Kitanda cha Minza Kinatikisika

Sogeeni karibu, mkae vizuri. Nitawaambia habari ya Limi na rafiki yake Minza.

Limi aliishi Mwanza, kwenye mtaa wa mlimani. Huko nyumba zimekaa katikati ya mawe.

Kuna mawe makubwa kama nyumba. Kuna mawe makubwa kuliko nyumba.

Barabara ilikuwa moja tu. Ilikuwa nyembamba, na iliteremka kutoka juu hadi chini, ikipita mbele ya kila mlango.

Barabarani watu walichota maji. Barabarani mama wa vitumbua aliweka jiko lake. Barabarani watoto walicheza.

Na barabarani zilipita pikipiki.

Vruuum! Vruuum! Pa-pa-pa-paa!
Ukutani, watoto! Ukutani!

Vijana walikuwa wametoboa ekzosi za pikipiki zao, ili zipige kelele zaidi. Kisha waliteremka mlima wakishindana.

Mtoto mchanga alishtuka, akalia. Kuku waliruka. Chai ilimwagika.

Watoto walikimbilia ukutani. Walibana migongo yao, wakafumba macho.

Halafu vumbi. Halafu kikohozi. Halafu mchezo ukaanza tena.

Watoto wote waliposikia pikipiki, walikimbia. Lakini Minza hakusikia.

Minza alizaliwa hasikii. Aliongea kwa mikono, na Limi aliyajua maneno yake.

Walikuwa na neno la ugali. Walikuwa na neno la mvua. Walikuwa na neno la mbuzi, na hilo liliwachekesha mpaka wakakaa chini.

Pikipiki zilipokuja, Limi alimvuta Minza mkono. Kila siku alimvuta.

Vruuum! Vruuum! Pa-pa-pa-paa!
Ukutani, Minza! Ukutani!

Pikipiki moja ilipiga kelele kuliko zote. Ilikuwa nyekundu. Mwenyewe aliitwa Lugiko.

Lugiko alikuwa mjomba wake Limi, mdogo wake mama. Aliishi chumba cha uani, nyumba hiyo hiyo.

Mjomba Lugiko hakuwa mtu mbaya. Alimletea Limi karanga. Aliimba akiwa anaoga.

Asubuhi moja Limi alimfuata uani.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, Limi wangu."

"Mjomba, kwa nini pikipiki yako inapiga kelele hivyo?"

Mjomba alicheka. "Ili watu wasikie, wapishe njia."

"Minza hasikii."

"Minza ana macho. Ataniona."

"Mgongo hauna macho, Mjomba."

Lakini Mjomba alishapiga kiki. Vruuum! Akaondoka, na maneno ya Limi yakabaki kwenye vumbi.

Siku ikapita. Siku nyingine ikaja. Jua lilikuwa kali, na watoto walikuwa wanacheza rede.

Minza alikuwa katikati. Alichuchumaa, akawa anajaza chupa mchanga. Limi na Shija, mtoto wa jirani, walimrushia mpira wa matambara.

Mpira ukija huku, Minza anahepa kule. Hakuna aliyeweza kumpiga Minza.

"Limi!" mama aliita kutoka dirishani. "Njoo ukaninunulie chumvi."

"Abee, mama!"

Limi alimwonyesha Minza kwa mikono: Nakuja sasa hivi. Minza aliitikia kwa kichwa, akaendelea na chupa yake.

Limi aliteremka mpaka dukani. Alikuwa ameshika chumvi mkononi alipoisikia.

Vruuum. Ilikuwa bado mbali, juu kabisa.

Vruuum! Ikasogea.

Vruuum! Pa-pa-pa-paa!

Limi akaiacha chumvi. Akakimbia kupanda mlima.

Shija alikuwa ameshafika ukutani. "Minza! Minza!" alipiga kelele. Minza alikuwa amempa mgongo.

Limi hakuita. Alijua haina maana. Alipunga mikono yote miwili. Toka, Minza! Toka!

Minza aliinua kichwa. Alimwona rafiki yake anakuja, anapunga mikono.

Minza akatabasamu. Na yeye akampungia.

Honi ikalia. Piii! Piii! Piiii!

Puh!

Kisha mtaa wote ukanyamaza.

Pikipiki nyekundu ililala ubavu. Gurudumu lake lilizunguka peke yake. Tiki, tiki, tiki.

Minza alilala chini. Mguu wake ulikuwa umepinda pale ambapo mguu haupindi.

Kulikuwa na damu. Limi aliiona.

Alipiga magoti. Minza alikuwa amefumbua macho, lakini mikono yake haikusema kitu.

Mjomba Lugiko alikaa kwenye vumbi, anatetemeka. "Nilipiga honi," alisema. "Jamani, nilipiga honi."

"Hasikii honi, Mjomba," alisema Limi.

Watu walitoka ndani. Walikuwa wengi, na walikuwa na hasira.

"Ichomeni pikipiki!" mmoja alipaza sauti. "Na yeye mpigeni!"

Mama Limi akasukuma watu, akapita katikati. "Mtoto kwanza!" alisema. "Bajaji iko wapi? Mtoto kwanza!"

Bajaji ikaja. Mama Minza akampakata mtoto wake. Hakulia kwa sauti. Mdomo wake ulikuwa wazi tu.

Bajaji ikaenda hospitali. Polisi wakaja, wakamchukua Mjomba Lugiko na pikipiki yake.

Chupa ya Minza ilibaki barabarani. Ilikuwa karibu kujaa.

Jioni hiyo Limi hakula. Mama alimkuta nyuma ya mlango, amejikunja.

"Mama, ni mimi," alisema Limi. "Mimi ndiye ninayemvuta. Leo sikumvuta."

Mama alikaa chini, akamweka mapajani.

"Nani alikutuma chumvi?" mama aliuliza.

"Wewe."

"Basi ni mimi?"

"Hapana, mama."

"Na wewe siyo. Wewe ni mtoto, Limi. Wewe si breki." Mama alimfuta machozi kwa kanga. "Breki iko kwenye pikipiki. Mwenye pikipiki ndiye wa kuishika."

Limi alilia sana. Mama naye alilia kidogo, maana Lugiko alikuwa mdogo wake.

Siku zikapita, na mtaa ukawa kimya. Limi alifikiri kelele zimekwisha.

Hazikuwa zimekwisha.

Vruuum! Vruuum! Pa-pa-pa-paa!
Ukutani, watoto! Ukutani!

Wale vijana wengine walirudi. Masunga alikuwa mbele, mwenye pikipiki nyeusi. Waliteremka mlima vile vile, kama vile hakuna kilichotokea.

Mjomba Lugiko naye akarudi. Polisi walimwachia aende nyumbani, angoje kuitwa tena.

Alikuwa amekonda. Hakuimba akioga. Alikaa uani, anatazama miguu yake.

Limi alipita mbele yake. Hakumwamkia.

Mama alimwona, lakini hakumgombeza.

Siku moja Limi alishindwa kuvumilia. Alisimama mbele ya Mjomba.

"Ulimwona Minza?" aliuliza.

Mjomba aliinua macho.

"Nilimwona," alisema. "Niliuona mgongo wake. Nikapiga honi. Nilidhani atapisha."

"Na breki?"

"Breki nilichelewa, Limi. Nilitaka kumshinda Masunga."

Mjomba alikuwa amesema kweli, na kweli hiyo iliuma.

Halafu Minza akarudi kutoka hospitali.

Mguu wake ulikuwa umefungwa hogo, jeupe na gumu kama jiwe. Alilazwa kwenye kitanda cha mama yake, karibu na ukuta wa barabarani.

Limi alimwendea mbio. Alimwonyesha neno la mbuzi.

Minza hakucheka. Aliugeuza uso wake ukutani.

"Halali," Mama Minza alisema. Macho yake yalikuwa mekundu. "Usiku halali, mchana halali. Akisinzia kidogo tu, anashtuka na kupiga kelele. Sijui anaota nini."

Limi alikaa kitandani, akamshika Minza mkono. Polepole Minza akafumba macho. Polepole akaanza kupumua vizuri.

Vruuum! Vruuum! Pa-pa-pa-paa!

Ukuta ukatetemeka. Dirisha likalia tata-tata-tata. Na kitanda, kitanda chenyewe kikatikisika.

Minza akaruka. Akapiga kelele. Akashika mguu wake, akalia, akalia, akalia.

Limi aliweka kiganja chake kitandani. Alikisikia kitanda kinatetemeka, kisha kinatulia.

Haoti, Limi aliwaza. Minza haoti kabisa.

"Mama Minza, anazisikia!" alisema Limi. "Hasikii kwa masikio. Anazisikia kwa kitanda!"

Mama Minza aliweka mkono wake ukutani. Zilipopita nyingine, alifumba macho.

"Ee Mungu," alisema. "Kumbe wanamgonga kila siku."

Limi alitoka mbio hadi uani. Alimshika Mjomba Lugiko mkono, akamvuta.

"Twende."

"Wapi?"

"Kwa kina Minza."

Mjomba akarudi nyuma. "Siwezi, Limi. Nilikwenda kuomba radhi. Mama yake hakunifungulia."

"Huingii ndani. Twende tu."

Limi alimpeleka hadi ukuta wa nje, pale chini ya dirisha la Minza. "Weka mkono hapa," alimwambia. "Ngoja."

Wakangoja.

Vruuum! Vruuum! Pa-pa-pa-paa!

Ukuta ulitetemeka chini ya kiganja cha Mjomba. Na kutoka dirishani, kilio kikatoka.

Mjomba hakuondoa mkono wake. Alisimama pale mpaka kilio kikaisha, na hakikuisha upesi.

Kisha akaenda moja kwa moja kijiweni, pale vijana wa pikipiki wanapokaa kungoja abiria.

"Jamani," aliwaambia, "turudishe ekzosi nzima. Na mtaani kwetu tupite taratibu. Yule mtoto halali."

Wengine walitazama chini. Masunga alicheka.

"Wewe umegonga, sisi tumegonga?" alisema. "Pikipiki bila mlio ni baiskeli, bwana."

Mjomba Lugiko hakubishana. Aligeuka, akapanda mlima kwa miguu.

Jioni, jua lilipoanza kushuka, alitoka nje. Alisimama katikati ya barabara, mbele ya nyumba ya Minza. Alinyoosha mikono yake, mmoja huku, mmoja kule.

"Mjomba, njoo ukutani!" Limi aliita.

"Leo siji ukutani," alisema Mjomba.

Vruuum. Juu kabisa.

Vruuum! Ikasogea. Ilikuwa pikipiki nyeusi. Alikuwa Masunga.

Piii! Piii! Piiii!

Mjomba hakusogea.

"Mjomba!"

Kriiiiiii!

Vumbi likapanda. Vumbi likashuka.

Pikipiki nyeusi ilikuwa imesimama mbele ya kifua cha Mjomba. Ungeweza kupitisha kiganja katikati, lakini si zaidi.

"Una wazimu?" Masunga alifoka. "Ningekuua!"

"Sasa unatetemeka," alisema Mjomba. "Nami nilitetemeka. Lakini mimi nilichelewa."

"Toka njiani, Lugiko!"

"Sitoki."

Pikipiki nyingine zikafika nyuma ya Masunga. Zikanguruma. Nne, tano, sita, zote zikinguruma. Mjomba alikuwa peke yake.

Mlango ukafunguliwa. Mama Limi akatoka, mwiko wa ugali mkononi. Akasimama kulia kwa Mjomba.

Kisha mlango wa pili ukafunguliwa.

Alikuwa Mama Minza.

Hakumtazama Lugiko. Hakumsemesha. Lakini alikuja, akasimama kushoto kwake.

Mama wa vitumbua akaacha jiko, akaja. Shija na bibi yake wakaja. Limi akatoka ukutani, akaja pia, akashika kanga ya mama yake.

Barabara ikajaa.

Kutoka dirishani walisikia kilio. Pikipiki zote zilikuwa zinanguruma mahali pamoja, na kitanda hakikuacha kutikisika.

"Mnamsikia?" aliuliza Mama Minza. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Yeye hawasikii ninyi. Anawasikia kwenye mfupa uliovunjika. Nawaomba, wanangu. Zimeni."

Tap. Kijana wa nyuma alizima pikipiki yake.

Tap. Tap. Na wengine.

Masunga alikuwa wa mwisho. Alitazama dirishani. Alitazama vumbi kwenye magurudumu yake.

Tap.

Mtaa ukanyamaza. Polepole, kilio nacho kikanyamaza.

Watu wakafungua njia. Vijana wakashuka, wakasukuma pikipiki zao kwa mikono, wakapita chini ya dirisha mmoja mmoja. Matairi yalisema shwii, shwii, shwii juu ya mchanga.

Masunga alipomfikia Mama Minza, alisimama. "Shikamoo, mama," alisema.

"Marahaba," alijibu Mama Minza. "Pita, mwanangu."

Kesho yake mafundi walikuwa na kazi. Ekzosi zilizotobolewa zilitolewa, na nzima zikafungwa. Kijana mmoja alikataa, akahamia kijiwe cha mbali.

Watu wa mtaa walibeba mawe na udongo. Walijenga tuta hapo juu, na tuta jingine hapo chini, ili asiwepo wa kukimbia hata akitaka.

Mjomba Lugiko alibeba mawe makubwa kuliko wote. Pikipiki yake nyekundu hakuipanda. Polisi walikuwa bado nayo, na siku ya kuitwa ilikuwa bado inakuja.

"Utafungwa?" Limi alimuuliza.

"Labda," alisema Mjomba. "Wakiniita, nitakwenda. Nitasema nilivyofanya."

Limi alifikiri kidogo.

"Shikamoo, Mjomba," alisema.

Mjomba alifunika uso wake kwa mikono yenye udongo. "Marahaba," alisema. "Marahaba, Limi wangu."

Daktari alilikata hogo la Minza baadaye. Mguu ulikuwa mwembamba kama fimbo. Daktari alisema Minza atatembea, lakini atachechemea.

Limi alichukia kusikia hivyo. Minza pia alichukia. Siku hiyo wote wawili walikasirika mpaka jioni, na hakuna aliyewakataza.

Mama Minza alimruhusu Lugiko kuingia ndani siku moja tu, mara moja tu. Aliingia ameinama.

Limi alikuwa amemfundisha neno moja. Mjomba aliliweka kifuani kwa mkono wake mzito: Nisamehe.

Minza alimtazama. Alimtazama muda mrefu sana, hakucheka wala hakununa.

Kisha mikono yake midogo ikasema kitu.

"Anasemaje?" Mjomba aliuliza.

"Anasema: Wewe. Polepole," alisema Limi.

"Hajanisamehe?"

"Hajasema hilo, Mjomba. Amesema polepole."

Mjomba aliitikia kwa kichwa. Akatoka, akaufunga mlango taratibu.

Jioni hiyo Limi aliruhusiwa kulala kwa kina Minza. Walikula ugali na dagaa. Waliosha miguu, mmoja mzima na mmoja mwembamba wa Minza, na miwili ya Limi.

Walipanda kitandani. Mama Minza akashusha chandarua, akakichomeka vizuri pande zote.

Nje, pikipiki ilikuwa inateremka na abiria. Ilipanda tuta. Ilishuka tuta.

Vru-vru-vru. Vru-vru-vru.

Limi aliweka kiganja chake ukutani. Ukuta haukutetemeka. Akaweka kitandani. Kitanda kilikuwa kimetulia.

Akageuka amwambie Minza.

Lakini Minza alikuwa amelala. Mdomo wake ulikuwa wazi kidogo, na pumzi yake iliingia na kutoka, iliingia na kutoka.

Limi akavuta shuka, akamfunika rafiki yake mpaka mabegani.

Kisha na yeye akalala.